Anza na ardhi: mwongozo kamili wa kuchagua vifaa na uso wa uwanja wa bembea za watoto

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nilianza na mageti na grili za madirisha, baadaye shule moja ya chekechea ikaniomba niitengenezee ngazi ya kupanda na bembea, na tangu hapo kazi za viwanja vya watoto hazijaniacha. Ile ngazi ya kwanza niliijenga kwa moyo wote. Bomba lilikuwa zito, chomeo nilizisaga mpaka kidole kikipita hakihisi kitu, na rangi ilikuwa ya kung'aa. Tukaisimamisha kwenye ua uliowekwa pevingi, kwa sababu mwenye shule alitaka mahali pasafi, pasipo na vumbi wala tope.

Wiki ya tatu nikapigiwa simu. Mtoto wa miaka mitano ameteleza kutoka daraja la juu, mkono umevunjika karibu na kiwiko. Nilipofika niliombwa nikague chomeo. Nilizigonga zote kwa nyundo ndogo, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa nzima. Kisha nikatoa tepu nikapima kutoka daraja la juu hadi chini: mita 1.8. Chini ni saruji tupu. Mtoto yule alianguka kutoka usawa wa kimo cha mtu mzima, na hakukuwa na chochote cha kumpokea.

Ndiyo maana siku hizi mteja akinipigia kuuliza bei ya bembea, mimi namuuliza kwanza: chini patakuwa na nini? Kamati nyingi za shule hununua chuma na plastiki za rangi, zinazopendeza kwenye picha, halafu fedha inaisha kabla ya kufika ardhini. Nakuomba upange bajeti yako kinyume chake. Tenga kwanza fedha ya uso wa kuangukia, na kile kitakachobaki ndicho kinunue bembea. Kikiwa kidogo, nunua kifaa kimoja kifupi.

Hatua ya kwanza: pima anguko, usipime kifaa

Kabla ya kuchagua chochote, jua watoto wako watakuwa na umri gani na wataanguka kutoka wapi. Urefu wa kuanguka hupimwa kutoka sehemu ya juu kabisa ambayo mtoto anaweza kusimama au kuning'inia, mpaka kwenye uso wa chini. Kwa bembea ya minyororo, Wamarekani hupima kutoka kwenye boriti ya juu ambako mnyororo umefungwa, kwa kuwa mtoto akibembea kwa nguvu anafika karibu na usawa huo. Mteja akiniambia "bembea yangu ni fupi, kiti kiko magotini", namwonyesha boriti.

Kwa chekechea, yaani miaka 3 hadi 5, mimi sizidishi jukwaa la mita 1.2. Kwa shule ya msingi naweza kufika mita 1.8, lakini nikiwa na uhakika wa uso wa chini. Viwango vya Ulaya vinavyoitwa EN 1176 vinaweka kikomo cha anguko la mita 3 kwa kifaa chochote cha uwanja wa watoto. Huku kwetu, ambako mchanga hauongezwi kila muhula na msimamizi ni mwalimu mmoja kwa watoto arobaini, mita 3 sijawahi kuijenga na sitaijenga.

Umri ukichanganyika, tenganisha maeneo. Wadogo wapewe kona yao, mbali na njia ya wakubwa wanaokimbilia bembea.

Hatua ya pili: soma eneo

Nenda kwenye eneo lenyewe mara mbili. Mara ya kwanza nenda saa nane mchana, jua likiwa kali, uone kivuli kinaangukia wapi. Mara ya pili nenda baada ya mvua kubwa, uone maji yanasimama wapi na yanatokea upande gani. Uwanja uliochaguliwa wakati wa kiangazi bila kungoja mvua huwa bwawa ikifika masika.

Uliza pia historia ya ardhi. Kama palikuwa gereji, jaa la takataka au mahali pa kuchomea taka, kuna oili, betri na vioo chini. Hapo ama unahama, ama unaondoa udongo wa juu na kuleta mwingine.

Kuhusu kivuli, mwarobaini ni mti mzuri na mkungu una matawi mapana. Mwembe una kivuli kizuri, ila msimu wa maembe watoto hurusha mawe, kwa hiyo ukiwa nao lazima pawe na mtu wa kuangalia. Chini ya mnazi usiweke kitu kabisa, na chini ya mfenesi vilevile. Ng'oa mnyaa kwenye ua, maziwa yake yakiingia jichoni ni hatari kubwa, na ng'oa mbarika, maana mbegu zake zina sumu na zinavutia watoto kwa madoa yake. Kama hakuna mti, panda sasa, na kwa muda huu tumia wavu wa kivuli kama ule wa vitalu vya miche, ukiufunga juu kuliko mtoto anavyoweza kufikia.

Mtelezo, lile bati la watoto kutelezea, usielekee magharibi. Jua la alasiri linapiga bati moja kwa moja na watoto huvaa kaptura na sketi fupi. Mimi hupima kwa mgongo wa kiganja: kama siwezi kuuacha juu ya bati kwa sekunde kumi, mtoto naye asikalie hapo.

Hatua ya tatu: chagua uso wa kuangukia

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kazi yenyewe ilipo.

Anza kwa kuondoa yasiyofaa. Saruji, pevingi, lami, vigae vya sakafuni na udongo ulioshindiliwa havifai chini ya kifaa chochote cha kupanda au kubembea. Udongo ulioshindiliwa unawadanganya wengi, kwa kuwa ni "ardhi ya kawaida tuliyochezea sisi". Wakati wa kiangazi udongo mwekundu uliokanyagwa na miguu mia mbili kila siku hauna tofauti kubwa na sakafu.

Nyasi zina mahali pake. Ukoka ulioshika vizuri, au pasipalamu inayomwagiliwa, hufaa kwa kukimbia, kuruka kamba na michezo ya mduara. Viwango vya Ulaya vinakubali nyasi zinazotunzwa kwa anguko la hadi mita 1. Tatizo ni kwamba chini ya bembea nyasi hufa ndani ya muhula mmoja. Miguu huburuta pale pale kila siku, linabaki shimo la udongo mgumu, na mvua ikinyesha ni kidimbwi. Kwa hiyo nyasi ziwe za uwanja, zisiwe za chini ya kifaa.

Mchanga ndio jawabu la shule nyingi za pwani na bara, kwa bei na kwa kupatikana. Lakini si kila mchanga. Unaoutaka ni wa mto, uliochekechwa, wenye punje za mviringo za kati ya milimita 0.2 na 2, usio na udongo. Ule unga wa mawe kutoka kwenye mashine za kokoto una ncha kali na unashikana, ukilowa na kukauka unakuwa kama sakafu. Mchanga wa ufukweni nao usiutumie. Chumvi yake itakula chuma chako mpaka kitoboke, na kuuchukua kunaharibu pwani. Ufukwe wa Kunduchi umeliwa na bahari kwa miongo kadhaa, na uchimbaji wa mchanga ni moja ya sababu zinazotajwa. Nunua kwa muuzaji mwenye kibali.

Jinsi ninavyopima mchanga kabla lori halijamwaga: nachukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, naijaza mchanga hadi theluthi moja, naongeza maji karibu ijae, nafunga kizibo na kuitikisa kwa nguvu. Naiweka juu ya boneti na kungoja saa moja. Mchanga hutua kwanza. Juu yake hutua tabaka la udongo, laini, la rangi ya chai ya maziwa. Tabaka hilo likiwa jembamba kama ukucha, napokea mzigo. Likifikia unene wa kidole, namwambia dereva ageuze. Madereva hukasirika, lakini mchanga wenye udongo ukishindiliwa na mvua ya kwanza hautalainika tena.

Kina chake kiwe kiasi gani? Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani inahesabu kwamba mchanga wa sentimita 23, ukiwa umeshajishindilia, unamkinga mtoto anayeanguka kutoka mita 1.2 tu. Viwango vya Ulaya vina imani zaidi na mchanga safi: sentimita 20, na 10 za ziada kwa ajili ya mchanga unaotawanyika, kwa anguko la hadi mita 2, na 30 na 10 kwa anguko la mita 3. Mimi nachukua tahadhari ya Wamarekani kwenye urefu na kina cha Ulaya kwenye shimo, yaani naweka vifaa vifupi na mchanga wa sentimita 40. Kumbuka kwamba vitu vya kumwaga hupungua angalau robo kwa kushindiliwa.

Vipande vya mbao ni bora kuliko mchanga kwa kupokea anguko. Hesabu za Marekani zinasema sentimita 23 za vipande vya mbao zinamkinga mtoto kutoka mita 3. Ukiwa Mafinga, karibu na msitu wa Sao Hill, au Njombe, ambako viwanda vya mbao vipo kila kona, ningekushauri uanzie huko kabla ya kuagiza mchanga. Hakikisha havikutoka kwenye mbao zenye dawa, rangi, gundi au misumari. Usichanganye na maranda ya kutandikia kuku wala vumbi la mbao: vyepesi mno, vinapeperuka, vinaingia machoni na kushika moto. Kwa Dar es Salaam na Tanga vipande vya mbao vinaoza upesi kwa unyevu, na mchwa huviona kama karamu. Vinafaa ikiwa utaviongeza kila mwaka.

Kokoto ndogo za mviringo za mtoni hufanya kazi, lakini kwa chekechea siziweki. Mtoto wa miaka mitatu atazitia puani na masikioni.

Vigae vya mpira na mpira unaomwagwa na kukauka pale pale vinapendeza, vinadumu, na kiti cha magurudumu kinapita juu yake bila shida. Ukienda kununua, swali lako liwe moja: huu unene umepimwa kwa anguko la mita ngapi? Muuzaji wa kweli atakuonyesha cheti cha EN 1177, kiwango cha Ulaya cha kupima uso wa kuangukia, chenye urefu huo. Akikujibu kwa rangi na miaka ya waranti, ondoka. Mpira mweusi juani ni moto wa kuunguza nyayo, kwa hiyo chagua rangi ya mwanga na uweke kivuli. Nyasi bandia bila godoro la mpira chini yake ni zulia tu juu ya saruji.

Kwa watoto wenye ulemavu, ambao Tanzania imewawekea sheria tangu 2010, mchanga ni ukuta. Ninachofanya ni kujenga njia ngumu, tambarare, yenye upana wa mita moja na nusu kutoka darasani hadi kwenye kifaa, na kutandika vigae vya mpira kwenye kipande kimoja chenye bembea ya kiti chenye mgongo. Kipande kimoja kinawezekana hata kwa shule isiyo na fedha nyingi, na mtoto huyo anafika mahali wenzake walipo.

Hatua ya nne: hesabu, chimba, jaza

Kila kifaa kizungukwe na uso laini kwa mita 1.8 pande zote. Bembea inahitaji zaidi: mbele na nyuma, kila upande mara mbili ya kimo cha boriti kutoka kwenye mchanga.

Tuchukue mfano. Bembea ya viti viwili, boriti ikiwa mita 2 juu ya mchanga, fremu upana wa mita 3. Mbele mita 4, nyuma mita 4, jumla 8. Upana ni 3 na 1.8 kila upande, jumla 6.6. Zidisha 8 kwa 6.6 kwa kina cha 0.4, unapata mita za ujazo 21. Tipa la mita za ujazo 7 litakuja mara tatu. Sasa shusha boriti iwe mita 1.5: urefu unakuwa 6, na mchanga unashuka hadi mita za ujazo 16. Umeokoa robo nzima ya mchanga, na anguko limepungua nusu mita. Mwenyekiti wa kamati akilalamika kwamba bembea ni fupi, mpe hesabu hii.

Chimba shimo la sentimita 50. Sakafu ya shimo iwe na mteremko kidogo kuelekea upande maji yanakotakiwa kutokea. Tandika kokoto sentimita 10, na kama ardhi ni ya mfinyanzi laza bomba la plastiki lililotobolewa matundu litoe maji nje. Juu ya kokoto weka kitambaa cha kuchuja ili mchanga usizame. Nimewahi kutumia viroba vya salfeti vilivyofumuliwa na kushonwa pamoja, na kwa kuwa havioni jua vilikaa vizuri. Kisha mwaga mchanga, sentimita 40. Mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, usichimbe. Jenga ukingo na uinue uwanja.

Ukingo wenyewe usiwe wa tofali lenye kona. Magogo ya mviringo au matairi yaliyozikwa nusu yanatosha.

Misingi ya nguzo ichimbwe kabla ya mchanga kumwagwa. Uso wa zege uwe sentimita 40 chini ya usawa wa mchanga, maana mchanga husogea, na zege likichomoza hapo umerudi kulekule kwenye pevingi. Acha zege likae siku saba kabla ya mtoto yeyote kugusa kifaa, na watoto wakiwa karibu funga kamba kuzunguka.

Hatua ya tano: chuma, mbao, tairi, plastiki

Chuma kiwe bomba la mabati, lile lililochovywa zinki, si bomba jeusi lililopakwa rangi. Unapochomelea, zinki inaungua pale kwenye chomeo na moshi wake una madhara, kwa hiyo saga zinki kwanza, chomelea kwenye hewa, kisha paka rangi ya zinki kwenye chomeo. Kutu huanzia mahali nguzo inapoingia ardhini, na unaweza kuwa na bembea inayong'aa juu na iliyooza chini. Ziba ncha za juu za bomba zote, maana maji yakiingia hayatoki na nyigu hujenga humo.

Minyororo iwe ya mabati, ya matundu madogo yasiyobana kidole. Pale mnyororo unaponing'inia weka beringi, si kulabu linalosuguana na pete. Nimeona kulabu la milimita 10 likiliwa na kubaki kama waya wa kufungia nondo. Kulabu zote zifungwe mpaka pengo lisizidi milimita 1. Kiti kiwe cha mpira laini. Kiti cha mbao kikimpiga mtoto anayepita nyuma ni rungu.

Mbao: mtiki, ule wa Longuza kule Muheza na wa Kilombero, unavumilia mchwa na mvua. Mkaratusi ni wa bei nafuu na unafaa kwa magogo ya kupanda ukitibiwa. Boriti za mikoko wazee wetu walizitumia kwa sababu mchwa hazigusi, lakini mikoko inalindwa na bila kibali usiziguse. Uliza muuzaji wa nguzo zenye dawa ametumia dawa gani. Ile ya shaba, kromu na aseniki, inayoacha rangi ya kijani, viwanda vya Marekani viliiondoa kwenye mbao za nyumbani na za viwanja vya watoto mwishoni mwa 2003 kwa sababu ya sumu ya aseniki. Mataruma ya zamani ya reli yamelowa kriosoti, mafuta meusi yenye sumu ya kuhifadhia mbao, yaache. Na kuna desturi yetu ya kupaka oili chafu ya gari ili kuzuia mchwa. Oili hiyo ina mabaki ya vyuma na sumu ya injini, na mtoto anashika gogo kisha anatia kidole mdomoni. Sehemu inayoguswa isipakwe kabisa.

Matairi ni mali ya bure na watoto wanayapenda, ila yana mitego miwili. Mengi ya siku hizi yana nyuzi za chuma ndani. Yakichakaa, nyuzi hutokeza kama sindano, kwa hiyo pitisha kiganja chenye glovu ndani na nje kabla ya kulitumia. Pili, tairi linatunza maji, na mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengi, anazaliana humo. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Toboa matundu makubwa ya drili upande wa chini wa kila tairi, manne au matano, na lililozikwa nusu lijaze mchanga.

Plastiki ya kuagizwa: ibonyeze na uikwaruze kwa ukucha. Ile iliyokaa juani dukani na kuacha unga mweupe kidoleni imeshaanza kufa na itapasuka.

Rangi ndiyo inayonunuliwa kwa haraka zaidi. Rangi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na zipo ambazo bado zinayo, hasa nyekundu, njano na machungwa, zilezile tunazozipenda kwa watoto. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni sehemu 90 kwa milioni. Nunua kopo lililoandikwa kuwa halina risasi na lenye alama ya shirika la viwango la nchi yako, TBS au KEBS. Ukirekebisha bembea ya zamani usikwangue rangi kavu kwa msasa. Lowesha, kwangua, kusanya maganda yote kwenye mfuko.

Hatua ya sita: mapengo na ncha

Tengeneza vipimo viwili vya plaiwudi. Kimoja ni kibao cha sentimita 8.9 kwa 15.7, ukubwa wa kiwiliwili cha mtoto mdogo. Kingine ni duara la sentimita 23. Pitisha kibao kwenye kila pengo la ngazi, uzio na jukwaa. Kikipita, na duara nalo lazima lipite. Pengo ambalo kibao kinapita na duara linakwama ni mtego: mtoto anatangulia miguu, mwili unapita, kichwa kinabaki, na hana pa kukanyagia. Nimevunja uzio mzima nilioujenga mwenyewe kwa sababu ya sentimita 15.

Angalia na nati. Bolti isitokeze zaidi ya nyuzi mbili, na iwe na kofia ya mviringo. Huku pwani watoto wengi wa kike huja na hijabu au mtandio, na wengi hutoka madrasa kwa mavazi marefu. Juu ya mtelezo ndipo nguo hunasa mtoto akiwa ameshajiachia. Pitisha kipande cha kanga kila mahali, kivute taratibu, na pale kinaponasa, saga. Walimu wafundishwe kuingiza ncha za mtandio ndani ya gauni kabla ya kucheza.

Hatua ya saba: matunzo

Siku ya kukabidhi, nachora mstari mwekundu kwenye kila nguzo, usawa wa mchanga. Mstari ukionekana wote na chini yake chuma kitupu, mchanga umepungua. Mtu yeyote anaweza kuusoma, hata mtoto, na mara nyingi ni watoto wanaomwambia mwalimu.

Kila asubuhi kabla ya watoto kufika, reki ipite, hasa chini ya bembea na mwisho wa mtelezo, mahali mchanga unapochimbika. Reki inaleta juu vioo, vifuniko vya soda, misumari na kinyesi cha paka. Paka ndio shida ya kweli ya mchanga. Minyoo yao inaingia kwa watoto, na mahali ambapo mbwa, mbuzi na kuku wanalala, funza hukaa kwenye mchanga mkavu. Zungushia uzio wa kuzuia mifugo, na jioni funika kwa wavu mnene. Usitumie turubai la nailoni, maana unyevu unabaki chini na mchanga unanuka. Mara moja kwa mwezi upindue kwa koleo mpaka chini ili jua liufikie.

Kila mwezi tikisa kila nguzo, shika kila mnyororo, tazama kulabu na beringi. Mnyororo uliopoteza robo ya unene wake hung'olewa siku hiyo hiyo, na bembea inafungwa juu kwa kamba mpaka mpya ufike.

Yule mwenye shule wa pevingi alinirudia mwaka uliofuata. Tulizing'oa zote kwa mtaimbo, tukakata ngazi yangu ya mita 1.8 ikabaki mita 1.2, tukamwaga mchanga wa mto kwa tripu mbili. Pevingi hatukuzitupa. Tulizipanga upya kuwa njia ya kutoka darasani. Nikipita pale saa moja kasoro asubuhi, mlinzi anakuwa ameshika reki, anavuta mchanga kuelekea kwenye mstari mwekundu.